Shangazi Anajibu: Likizo ni wiki sita, nyinyi mna siku kumi

Barua za mwezi huu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, likizo ndefu ya kiangazi hapa Uingereza, kwahiyo nimeamua ukurasa mzima niumalizie hapo. Mimi nimelea watoto watatu nchi hii huku nafanya kazi za zamu, wameshakuwa wakubwa sasa, lakini ile Julai tumbo linavyokukata nikisoma barua zenu nalikumbuka kabisa. Na nimefurahi mmeandika mwezi wa tano, kwa sababu sa hivi pengo la siku ambazo watoto hawana wa kuwashika ukiliona lina dawa, ukija kuliona shule zimeshafungwa linabaki kuwa gharama tu.

Shangazi shikamoo. Tuko Reading huu mwaka wa tatu, tumekuja kwa viza ya kazi, mimi nafanya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, na mume wangu yuko weahausi usiku. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 7 mwingine 10. Mwaka jana likizo ilitutesa mpaka tukagombana, nilikuwa naomba watu kila asubuhi wanishikie watoto, siku nyingine nilimpigia bosi nikasema naumwa na siumwi. Mwaka huu kila mmoja wetu amebakiwa na siku kumi za likizo kazini. Naanzia wapi? – Mama Wawili, Reading

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijaenda mbali, mume wako akitoka zamu ya usiku usimhesabu kama mlezi wa mchana. Najua mwaka jana mlimhesabu, wote tunafanya hivyo, tunasema si baba yupo nyumbani, kumbe baba amelala kama gogo na watoto wako sebuleni peke yao toka saa mbili asubuhi, anaamka saa nane amechoka na ana hasira, na hapo ndo ule ugomvi unaanzia. Mtu aliyekesha anahitaji kulala, kwahiyo siku aliyotoka zamu iandike kwamba hamna mtu.

Sasa chukua karatasi kubwa. Sisi kwetu nilikuwa nachukua kipande cha karatasi ya ukutani iliyobaki tulivyopamba chumba, naigeuza upande mweupe, nachora wiki sita, naibandika mlango wa jikoni. Kalamu ya kijani ni siku zangu, bluu za baba yao, nyeusi klabu za likizo za watoto, na siku ambayo hamna mtu naizungushia nyekundu. Mwaka wa kwanza niliochora ile karatasi mwanangu wa kati alikuwa na miaka sita, alikuja akasimama pale na mkate mkononi, akaangalia weeee, alafu akaweka kidole kwenye Alhamisi moja nyekundu akaniuliza, "Mama, hapa mimi nitakuwa na nani?" Sikuwa na jibu. Toka siku ile nikajua ile karatasi sio ya kwangu peke yangu, mtoto naye ana haki ya kujua kila siku akiamka yuko na nani.

Ukichora utaona wiki sita ni siku 30 za kazi. Mwaka jana mlichukua likizo pamoja siku zote kumi si ndiyo? Mkifanya hivyo mnafunika wiki mbili tu. Mwaka huu chukueni wiki moja pamoja, familia nayo inahitaji kukaa pamoja hata kama ni kwenda tu kukaa paki na chapati kwenye kontena, alafu wiki moja uchukue wewe peke yako na nyingine achukue yeye. Hapo mmefunika siku 15 kwa likizo ileile. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni benki holidei, kama mmoja wenu hayuko kazini hesabu siku moja zaidi. Zimebaki 14.

Hizo 14 ukizipeleka zote klabu, tuseme ni paundi 35 kwa siku kwa mtoto mmoja, watoto wawili ni paundi 980. Hiyo hela huna na hata ungekuwa nayo nisingekushauri. Tafuta familia mbili nyingine mnazoaminiana, za kanisani, msikitini, au mzazi wa darasani kwa mwanao hata kama ni Mpolandi au Mnaijeria, mkae chini mpange zamu. Kila familia inashika watoto wote siku moja kwa wiki. Wewe unajitolea Jumanne, unapata Jumatano na Alhamisi bure. Kea ina uzuri huo mmoja, unaweza kumwambia meneja wako mapema kwamba Jumanne za Agosti sitaweza ila nitafanya Jumamosi, akupange kwenye rota, lakini umwambie sa hivi na kwa maandishi, sio rota imeshatoka ndo unaanza kubembeleza. Kwa wiki tatu zamu zinakufunikia siku tisa, zinabaki tano za klabu, paundi 350. Bado ni hela ila sio 980.

Hapo kwenye zamu niseme kitu cha sheria maana najua mtaniuliza. Mkibadilishana bila kulipana hamna shida. Ila mtu akianza kulipwa kulea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake zaidi ya masaa mawili kwa siku, hapa England anatakiwa awe amesajiliwa na Ofsted, wale wakaguzi wa serikali wa shule na walezi wa watoto. Kwahiyo hata ile ya "chukua paundi kumi ya mafuta dada yangu" iacheni, lipaneni kwa zamu na kwa sahani ya pilau.

Sasa misaada. Kuna programu ya serikali inaitwa Holiday Activities and Food, watu wanaiita HAF, ilianza nchi nzima ya England 2021 na inaendeshwa na makaunseli. Mtoto anacheza, anajifunza vitu, na anapewa chakula, bure. Wakati wa kiangazi ni kama siku 16, yaani wiki nne, siku nne kila wiki, masaa manne kwa siku. Ni ya watoto wa shule wanaopata chakula cha bure kwa sababu ya kipato cha wazazi. Na hapa ndo watu wetu wengi wanapoteza haki bila kujua. Watoto wa Reception mpaka Year 2, yale madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, wote wanakula bure shuleni, na London toka Septemba 2023 shule za msingi za serikali zote wanakula bure, kwahiyo mzazi anaona fomu ya nini na mtoto anakula? Hajazi. Ikifika HAF jina la mtoto halipo, kwa sababu ule ni mlo wa watoto wote, sio ule wa kipato. Jaza fomu hata kama mtoto anakula bure tayari.

Nyinyi wa viza ya kazi najua viza zenu nyingi zina sharti la kutogusa fedha za umma, ile NRPF. Universal Credit, ile hela ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hamuwezi, na Tax-Free Childcare, ule msaada wa serikali kwenye gharama za kulea watoto, nayo vilevile msiiguse kama sharti hilo lipo kwa wote wawili. Lakini chakula cha shule cha bure England familia za NRPF zenye kipato kidogo zinaweza kuomba, watu hawajui hilo, wanaogopa hata kuuliza. Nenda ofisi ya shule umuulize yule mama wa mapokezi, na umuulize hapohapo na HAF, kaunseli zina nafasi kidogo za watoto wengine wenye uhitaji.

Kwa wasomaji wengine ambao viza haiwabani, wote wawili mnafanya kazi na hampokei Universal Credit, fungueni akaunti ya Tax-Free Childcare. Ukiweka paundi 8 serikali inaongeza 2, mpaka paundi 500 kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja, na inaendelea mpaka Septemba inayofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 11. Klabu ya paundi 200 inakuwa 160. Klabu lazima iwe imesajiliwa, uliza kabla hujalipa dipoziti. Walio kwenye Universal Credit na wanafanya kazi wanaweza kurudishiwa mpaka asilimia 85 ya gharama za kulea watoto, na klabu za likizo zilizosajiliwa zimo, tunza risiti.

Na kuna likizo ya wazazi isiyolipwa, wiki 18 kwa kila mtoto mpaka afike miaka 18, kwa kawaida sio zaidi ya wiki nne kwa mwaka, unachukua wiki nzima nzima na unatoa taarifa siku 21 kabla. Haina mshahara, najua. Lakini wiki moja bila mshahara ukilinganisha na kumdanganya bosi kwamba unaumwa, na viza yako iko mkononi mwake, mimi nachagua ile wiki bila mshahara. Hiyo ya kujifanya unaumwa mwanangu usirudie tena, nakuomba.

Habari Shangazi. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto Tanga kwa bibi yao, wa kwanza yuko Year 6 wa pili Year 3, hawajawahi kufika. Tikiti tukiondoka wiki moja kabla shule haijafungwa tunaokoa paundi 600. Wenzangu wananiambia wewe sema tu mtoto anaumwa. Unasemaje? Na kitu gani kingine nisisahau? – Mdigo wa Birmingham

Tanga! Umenikumbusha mbali. Nifurahi kwanza kwa niaba ya huyo bibi, maana kusubiri wajukuu miaka kumi sio mchezo.

Haya, hesabu. Toka Agosti 2024 faini England ni paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa ni 160. Nyinyi wazazi wawili watoto wawili, 80 mara nne ni 320, mkichelewa 640. Na siku tano za shule ndo kiwango chenyewe cha kuanza kufikiriwa faini, yaani hiyo wiki yenu moja inagonga palepale. Mkirudia ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja, mara ya tatu inaweza kufika mahakamani. Kwahiyo ile 600 yako nusu imeshaondoka kabla hujafunga begi.

Ila hata ingekuwa hamna faini nisingekwambia ndiyo. Wako wa Year 6 anamaliza shule ya msingi. Wiki ile ya mwisho wanasainiana mashati, wanaimba, wanalia, wanapiga picha na mwalimu, wengine hawataonana tena maana Septemba kila mtu sekondari yake. Mtoto wangu wa kwanza nilimtoa ile wiki, nilikuwa na sababu nzito ya msiba, na bado mpaka leo ana miaka 24 ananikumbushia lile shati ambalo hana. Na hiyo ya kusema anaumwa, unamfundisha yeye naye adanganye, maana yule wa Year 3 mwalimu atamuuliza Septemba ulikuwa wapi na mtoto atasema Tanga, nimeogelea Raskazone.

Fanya hivi, angalia tarehe za shule vizuri, siku nyingine ya mwisho wanafunga mchana, au kuna siku za mafunzo ya walimu zimebandikwa mwisho au mwanzo wa Septemba. Alafu usiondoke ile wikiendi ya kwanza ambayo kila mtu anaondoka, jaribu Jumanne au Jumatano inayofuata, na angalia ndege za kupitia Istanbul, Doha, Addis, zote, usizoee moja. Ukipitia Addis au Nairobi hakikisha hukai zaidi ya masaa 12, ukizidisha Tanzania wanadai cheti cha homa ya manjano.

Sasa kubwa kuliko tikiti. Malaria. Nisikilize vizuri hapa, na mume wako asome. Watoto waliozaliwa Birmingham miili yao haijawahi kukutana na malaria, hawana kinga yoyote, na nyinyi wenyewe miaka yote hii mliyokaa huku ile kinga ya utotoni imeshapungua. Watu wengi wanaokutwa na malaria hapa Uingereza ni sisi, sio watalii, ni watu waliokwenda kusalimia nyumbani, kwa sababu mtalii anameza vidonge na sisi tunasema mimi si nimekulia kule. Nimeshawahi kukaa hospitali hapa na mama mmoja, mtoto wake ana miaka mitano, amerudi siku kumi, homa inapanda, daktari anasema ni virusi tu kapumzisheni, na mama hakusema wametoka wapi kwa sababu hakuulizwa. Alivyolisema lile neno Tanzania kila kitu kilibadilika, damu ikapimwa saa ileile. Mtoto alipona alhamdulillah. Kwahiyo nyinyi msisubiri kuulizwa. Mtoto akipata homa baada ya safari, hata kama ni miezi imepita, siku hiyohiyo nendeni hospitali na sentensi ya kwanza iwe "tumetoka Tanzania".

Wiki nne mpaka sita kabla ya safari nendeni kliniki ya safari au famasia inayotoa hiyo huduma. Vidonge vya watoto vinapimwa kwa kilo, mpeleke mtoto apimwe uzito usikisie. Vile wanavyoandikiwa wengi vya atovaquone na proguanil unaanza siku moja au mbili kabla, kila siku mkiwa kule, na siku saba baada ya kurudi, na zile saba za mwisho ndo watu wanaziruka kwa sababu wameshazoea nyumba. Mara nyingi utavilipia mwenyewe, viweke kwenye bajeti ya tikiti. Chanjo ya taifodi na hepataitisi A uliza GP, yaani daktari wako wa mtaa, kwa kawaida ni bure.

Pasipoti za watoto za Uingereza ni za miaka mitano tu, sio kumi kama zako, angalia leo, Tanzania wanataka iwe na miezi sita mbele. Viza ya Tanzania kwa pasipoti ya Uingereza ni dola 50, omba kwenye tovuti ya serikali yenyewe maana zipo nyingi za kuiga zinazokula hela. Kama mume wako atabaki na wewe unasafiri na watoto peke yako beba barua yake ya ruhusa na vyeti vya kuzaliwa.

Na kitu ambacho watu wanakigundua wakifika. Mkifika mwisho wa Julai binamu zao watakuwa shule! Likizo ndefu ya Tanzania ya katikati ya mwaka ni Juni, Julai wamesharudi darasani, wanatoka nyumbani alfajiri wanarudi jioni. Wako watakaa na bibi siku nzima wanauliza Wi-Fi ya intaneti ni ipi. Kwahiyo muulize bibi mapema atawafundisha nini, kukuna nazi, kusuka ukili kama anasuka, kwenda sokoni kununua samaki asubuhi. Wapangie wikiendi na binamu zao. Wa Kenya nyinyi mna afadhali, shule za kule zinafunga Agosti, binamu wote wapo.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba, naendesha gari la delivari, mke wangu yuko hospitali zamu ndefu. Kijana wetu ana miaka 12, binti 6. Kijana ana akili sana. Je sheria inaruhusu abaki na mdogo wake masaa machache siku tatu kwa wiki? – Baba K, Luton

Marahaba baba. Nashukuru umeuliza wewe, maana hizi barua huwa zinaandikwa na kina mama tu.

Sheria haijataja umri. Inasema ni kosa kumwacha mtoto peke yake kama inamuweka hatarini, kwahiyo wewe ndo unapima na wewe ndo utaulizwa. NSPCC, lile shirika la kulinda watoto, wanasema wa chini ya miaka 12 ni nadra awe amekomaa kuachwa muda mrefu, na wa chini ya 16 asiachwe usiku. Kijana wako wa 12 peke yake, saa moja, amekula, simu ina chaji, jirani yupo, mimi naona inawezekana mkianza kidogokidogo, leo nusu saa mkienda dukani, wiki ijayo saa moja. Akariri namba yako kichwani, sio kwenye simu. Jiko lisiguswe. Mlango haufunguliwi hata aliyegonga akisema ana pasel.

Lakini kumpa mdogo wake wa miaka 6, siku tatu kwa wiki, hapana. Akiwa chini ya miaka 16 likitokea lolote wewe ndo mwenye makosa, na yeye ndo atakayelibeba moyoni.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika. Wangu walikuwa na miaka 11 na 9, ejensi ikanipigia kuna mtu hajaja, njoo masaa mawili tu. Nikawaambia wakae, narudi. Basi lilichelewa, masaa mawili yakawa manne. Nilivyofungua mlango niliwakuta wamekaa kwenye ngazi, wameshikana mikono, wamevaa makoti na viatu, ndani ya nyumba, mwezi wa nane. Kuna mtu alikuwa amegonga sana mlango, wakavaa wakawa tayari kukimbia, wakakaa pale hawajui wakimbilie wapi. Yule mkubwa hakulia, alisema tu "nilimlinda." Alikuwa anatetemeka. Ile hela ya masaa mawili sikumbuki hata nilinunulia nini.

Kwahiyo baba, binti apate klabu hizo siku tatu, au HAF kama mnaingia, na kijana naye aende. Akikwambia hataki klabu ya watoto, uliza klabu za mpira na za michezo za kaunseli, kuna za umri wake. Na angalia kama unaweza kuanza delivari saa kumi na mbili alfajiri ukamaliza saa sita mke wako akiwa yupo, hiyo kazi yako ina nafasi ya kucheza na masaa kuliko ya hospitali.

Shangazi, dada yangu yuko Glasgow mimi niko Manchester, tunataka watoto wetu wakae pamoja likizo yote wiki sita, tatu kwake tatu kwangu. Ni wazo zuri? – Dada Mdogo

Wazo zuri sana ila hesabu yenu haijakaa. Scotland wanafunga mwisho wa Juni wanarudi shule katikati ya Agosti, nyinyi mnafunga karibu na tarehe 20 na kitu Julai mpaka mwanzo wa Septemba. Mnaingiliana kama wiki tatu tu. Andikeni tarehe za shule zote mbili kwenye karatasi moja, zile tatu gawaneni, zilizobaki kila mtu ajipange kwake.

Shangazi mtoto wangu wa miaka 8 likizo ni tableti asubuhi mpaka usiku, Kiswahili kimeisha kabisa mdomoni, na sina hela ya kumpeleka popote. – Mama Asiyejua la Kufanya, Croydon

Unajua mama, una London na London ina vitu vya bure. Wa chini ya miaka 11 kwenye mabasi hawalipi, treni za chini hawalipi wakiwa na mkubwa. Makumbusho ya Historia Asilia na ile ya Sayansi pale South Kensington kuingia ni bure, wahi saa nne asubuhi, beba maji na chakula chenu maana kununua mle ndani ni ghali.

Laibrari yenu ya mtaa kuna Summer Reading Challenge, ipo toka 1999, ni ya miaka 4 mpaka 11, mtoto anachagua vitabu, wengi wanaweka lengo la sita, anapewa stika na mwisho cheti, hulipi kitu. Mwandikishe siku ya kwanza ya likizo, mfanye iwe safari ya kila Jumamosi.

Kiswahili kimrudishie kwa kazi, sio kwa somo. Ukimwambia tukae tujifunze Kiswahili atakukimbia. Mwambie nipe mwiko, koroga, ongeza maji, chumvi kidogo, funika. Kila siku jikoni nusu saa, Kiswahili tu, na bibi yuko kwenye simu ya video amewekwa juu ya mtungi wa sukari anawaangalia. Tableti ipe saa yake, mfano baada ya chakula cha mchana mpaka saa tisa, ibandike na yenyewe kwenye ile karatasi ya mlangoni aione, ugomvi unapungua sana mtoto akijua saa yake inakuja.

Shikamoo. Naweza kumleta mama yangu kutoka Mombasa aje anisaidie na watoto Agosti? Nikisema ukweli kwenye fomu watamnyima? – Binti wa Likoni, Coventry

Marahaba binti. Sema ukweli. Viza ya mgeni inamruhusu ndugu kuja kuangalia watoto wa familia kwa muda mfupi, mradi tu isiwe ameajiriwa kama yaya, humlipi mshahara na haji kuishi. Kwahiyo andikeni kwamba anakuja kuwatembelea wajukuu wakati wa likizo ya shule na atakaa nao, onyesha tarehe za shule, mshahara wako kama wewe ndo unamgharamia, na vitu vinavyoonyesha atarudi, nyumba yake, biashara, watoto wengine anaowalea. Jibu kwa kawaida linatoka ndani ya wiki tatu toka amechukuliwa alama za vidole, lakini msiende na hiyo wiki tatu, ombeni mwezi huu wa tano au mwanzo wa sita.

Mkatie bima ya safari. Akiumwa akalazwa hapa bila bima, NHS, yaani hospitali za serikali, inamtoza mgeni asilimia 150 ya gharama. Dawa zake za presha na sukari aje nazo za kutosha siku zote pamoja na karatasi ya daktari, kwenye begi la mkononi.

Na usimpe watoto wote siku zote tano. Yuko na miaka mingapi mama, sitini na kitu? Hajui basi linapita wapi, hajui mlango wa jirani, watoto wanaongea Kiingereza cha haraka na yeye anatabasamu tu. Wiki ya kwanza chukua siku mbili tatu uwe naye, mwonyeshe paki, duka, mwandikie anwani yenu kwenye karatasi aiweke kwenye mkoba. Mpe siku tatu kwa wiki, mbili watoto waende klabu yeye apumzike.

Siku ya kumpokea beba sweta na soksi nzito mpaka uwanja wa ndege, usiache kwenye gari. Ni Agosti kweli, lakini kwa mtu aliyetoka Likoni asubuhi ile, digrii 16 ni baridi, mvishe hapohapo kabla hamjatoka mlangoni.